Finjani Iliyowekwa Chini

Mutlak alikuwa na wivu kama watu wengine wanavyokuwa na upara: ulimwanza mapema, ukaenea pole pole, na kila mtu aliuona isipokuwa yeye mwenyewe.

Alikuwa mtoto wa nne wa Mzee Hwemil, katika kijiji kilichotawanyika ukingoni mwa jangwa, kusini mwa Ma'an. Kaka zake watatu walikwenda mjini, wakapata mishahara, wakajenga. Walirudi Idi hadi Idi, na siku hizo mzee alicheka mpaka magego yakaonekana. Mutlak naye aliacha kazi yake bandarini Akaba mwaka ule macho ya mzee yalipoanza kuingia ukungu, akarudi nyumbani kuwa macho yake. Miaka tisa sasa. Yeye ndiye aliyeamka na adhana kuwasha moto katika ukumbi wa wageni, akakaanga buni, akatwanga, akachemsha, akatia iliki, akamimina. Na kwa miaka yote hiyo tisa kila mgeni aliyeingia alimsalimu mzee kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyo ada: "Amani iwe juu yako, Baba Rakan!" Huyo Rakan alikuwa Amman, akiuza matairi.

Watu wa mbali husifu ukarimu wa watu wa jangwani. Husema mlango wao hauna komeo. Husahau kwamba nyuma ya mlango usio na komeo yuko mtu aliyeinama juu ya jiko, macho yamemwiva kwa moshi, na hakuna anayemuuliza jina. Fahari ni ya mwenye nyumba. Moshi ni wa mwingine. Mutlak aliujua ukweli huo kuliko mtu yeyote, na laiti angeukasirikia ukweli wenyewe, hadithi hii isingekuwapo. Lakini yeye aliwakasirikia wageni.

Kitu kimoja tu katika nyumba ile alikihesabu kuwa chake: kinu cha kahawa. Babu yake alikichonga kwa mti mweusi wa milimani, akakitia nakshi za misumeno na nyota, na mchi wake mrefu uling'ara kwa jasho la mikono ya vizazi vitatu. Kahawa huko haitwangwi kimya kimya. Hutwangwa kwa mdundo, mchi ukigonga chini, ukigonga ubavu, ukigonga mdomo wa kinu, na jirani akisikia hujua kuna moto na kuna nafasi. Mdundo wa Mutlak ulijulikana mabonde matatu. Baba yake peke yake ndiye ambaye hakuwahi kuusemea neno. Alikunywa, akaitikisa finjani kuonyesha ametosheka, akairudisha. Basi.

Kulikuwa pia na siri ndogo kati yao. Mtu mwenye shida nzito haingii nyumba ya watu akaanza kuropoka. Hupewa finjani yake, akaiweka chini mbele yake bila kuinywa. Mwenye nyumba akiiona pale chini humwambia, "Kunywa kahawa yako, haja yako imepita," yaani imekubaliwa hata kabla ya kutajwa, na hapo ndipo mgeni hunywa na kusema alichojia. Macho ya mzee yalipokuwa hayaioni tena finjani iliyo kwenye zulia, walipatana: Mutlak akiona mgeni ameiweka chini, agonganishe finjani zilizo mkononi mwake mara mbili. Kling, kling. Mzee angejua.

Jumamosi moja, baada ya alasiri, gari la vumbi lilisimama nje. Aliyeshuka alikuwa mtu wa miaka kama arubaini, mrefu, kilemba chake kimekaa upande kama cha bwana harusi. Jina lake Sattam, wa ukoo wa upande wa mashariki, mwendo wa saa tatu.

"Amani iwe juu yako, Baba Rakan."

"Na juu yako. Karibu, umefika kwako. Mutlak! Mchinjie mgeni."

Mutlak alichinja. Fidha, mkewe, akapika nyama kwa maziwa ya mtindi mkavu, wakaijaza sinia wali mpaka ukafanya kilima. Kwa nje hakukuwa na kosa lolote. Ila kulipokucha, Sattam alikiona kinu pale pembeni, akakigusa kama mtu anavyogusa shingo ya farasi.

"Ami, kwa idhini yako, nitwange?"

"Twanga, mwanangu."

Akatwanga. Alikuwa na mkono mzuri, huwezi kumnyima haki yake. Mzee Hwemil aliinua kichwa, uso ukamfunguka.

"Ee Mola," alisema. "Hivi ndivyo alivyokuwa akitwanga marehemu baba yangu."

Mutlak alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Miaka tisa. Ndoo ilimwagika robo kwenye viatu vyake, asihisi.

"Umeloa," Fidha alimwambia alipoingia jikoni.

"Mgeni anatwanga."

"Na atwange. Mikono yako ipumzike."

"Baba kamfananisha na babu."

Fidha aliacha kukanda unga, akamtazama mumewe, kisha akaangua kicheko, akamwita kwa jina la mtoto wao. "Baba Jazi! Mwaka jana ulimwonea wivu daktari kwa kuwa mzee alimshika mkono. Yule mbuzi mweupe mzee akimpapasa unanuna. Sasa mgeni! Usiku mmoja tu kalala!"

"Ugeni ni siku tatu," Mutlak alisema kwa hasira. "Mtume kasema. Zaidi ya hapo ni sadaka."

"Basi zihesabu."

Akazihesabu. Loo, alizihesabu kama mfungwa. Jumapili Sattam alisimulia habari za ngamia aliyerudi peke yake kutoka mpakani, na mzee akacheka hadi akapaliwa. Jumatatu mzee alimwita "mwanangu" mara kumi na moja. Jumanne, kabla ya magharibi, Sattam alikuwa amekaa kando ya kinu, akipitisha kidole kwenye nakshi zake.

"Kinu kama hiki, ami, mtu anaweza kukifungia safari."

"Kila kilicho humu ndani ni chako," mzee akajibu.

Ni maneno yanayosemwa. Mgeni akisifu kitu huambiwa ni chako, naye hujibu Mungu akubariki nacho, yakaisha. Sattam alijibu hivyo hivyo. Lakini Mutlak hakusikia jibu. Alisikia "ni chako" tu, na maneno hayo yalimwingia kama mwiba kwenye kisigino, kila hatua ukizama zaidi.

Wapo watu duniani ambao mgeni akifika siku ya tatu humpa jembe. Jangwani hakuna jembe la kumpa mtu. Kuna siku tatu na theluthi ambazo mgeni haulizwi kilichomleta, na zikiisha, mgeni mwenye adabu husema mwenyewe au hushika njia. Jumatano asubuhi siku tatu na theluthi zilikuwa zimekwisha. Mutlak alimimina finjani ya kwanza, akampa Sattam kwa mkono wa kulia.

Sattam aliipokea. Akaitazama. Akaiweka chini, juu ya zulia, mbele ya magoti yake, akatulia.

Mutlak alisimama na dele, birika la kahawa, mkono mmoja, finjani mkono mwingine. Ilibaki kugonganisha tu. Jicho lake likaenda kwenye kinu. *Kinu kama hiki, mtu anaweza kukifungia safari.* Kumbe ndiyo safari yenyewe! Na baba akishasema "haja yako imepita," hakuna kurudi nyuma. Haja iliyopita hairudishwi. Kinu kingepanda gari la vumbi, na yeye angebaki kutwanga kwa jiwe kama mkiwa.

Mzee aligeuza uso upande wake. "Mutlak? Mgeni kapata?"

"Kapata, baba."

Akainama, akaichukua ile finjani kutoka kwenye zulia, akaimwaga kwenye majivu, akaifuta, akamimina nyingine, akampa Sattam mkononi. Vidole vyake vilibana finjani nyingine zisitoe hata mlio. Sattam alimtazama, kisha akamtazama mzee, aliyekuwa akihesabu tasbihi yake. Akanywa.

Sasa hebu ingia ndani ya moyo wa mgeni. Ameweka finjani chini. Mwana kaiona, kwa hiyo baba kaambiwa, kila mtu anajua kijana yule ndiye macho ya mzee. Na mzee hakusema kunywa, wala hakusema la. Maana yake nini? Maana yake: nimesikia, nipe muda. Kuiweka mara ya pili ni kumsukuma mtu mzima. Kuondoka ni kumwambia umeninyima. Basi Sattam alikaa. Alikaa Alhamisi, alikaa Ijumaa. Hadithi zilimpungua. Alitoka nje mara kwa mara, akaitazama simu yake, akatazama barabara ya mashariki, akarudi.

"Umemwona?" Mutlak alimwambia mkewe. "Anapanga."

"Anapanga nini? Mtu ana jambo. Hata kula hali sawasawa."

"Anakula vya kutosha."

"Haya, mhesabie na tonge."

Ijumaa, baada ya sala, Mutlak alimshika mzee mkono wakirudi kutoka msikitini, akalisema alilokuwa amelitafuna njia nzima.

"Baba, leo siku ya saba. Ugeni si siku tatu?"

"Ni siku tatu."

"Mtume kaweka mpaka."

"Kaweka mipaka miwili," mzee alisema, akipapasa njia kwa fimbo. "Wewe umeshika mmoja. Wa pili unasema si halali mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake dhambini. Nikuulize basi, wewe uliye macho yangu. Nyumbani kwangu kuna mtu aliyetiwa dhambini?"

"Hakuna, baba."

"Basi mwache mtu akae. Mimi ninamwonea raha, lakini si mjinga. Mtu hakai siku saba kwa ajili ya hadithi za ngamia. Kumuuliza siwezi, nikimuuliza ni kama nimemwonyesha mlango. Akiwa na haja ataweka finjani chini. Utaniambia."

"Nitakuambia."

Jumapili asubuhi, siku ya tisa, Mutlak alikuwa ameshashika mchi wakati mzee aliposema, "Mpe mgeni atwange. Wewe kapumzike, sauti yako inaniambia hujalala."

Hilo ndilo lililofurisha kikombe. Mutlak aliuachilia mchi. Alikaa kando akasikiliza mkono wa mtu mwingine ukicheza juu ya mti wa babu yake, na kila pigo lilimpiga yeye. Kahawa ilipoiva alichukua dele, akasimama mbele ya Sattam, akaanza kumimina. Kipimo cha mgeni ni theluthi ya finjani, ili arudishe, aongezewe, akae. Mutlak alipita theluthi. Akapita nusu. Akamimina mpaka kahawa ikasimama juu ya ukingo ikitetemeka.

Kwa watu wale, finjani iliyojaa haina maana mbili. Ni kunywa uondoke. Afadhali umpige mtu kofi, kofi huenda likaombewa radhi.

Sattam aliitazama ile finjani kwa muda. Uso wake ulibadilika rangi. Akaiinua, ya moto vile vile, akainywa yote bila tone kudondoka. Akaiweka. Akasimama.

"Mungu awazidishie, ami. Nimekaa mno."

"Unakwenda wapi? Sattam! Mwanangu!"

Gari likawaka. Vumbi likaingia mlangoni, likatua juu ya kinu.

Mzee hakugeuka. Alinyoosha mkono wake hewani, mahali ambapo mgeni alikuwa ameketi, kama anayepapasa joto lililobaki.

"Mutlak. Umemmiminia nini?"

"Kahawa, baba."

"Mimi si kiziwi. Finjani ya mgeni humiminwa kwa pumzi moja. Hii nimevuta pumzi nne."

Mutlak aliliweka dele chini.

"Kwa nini?"

"Alikuwa anataka kinu." Sauti ilimtoka kama ya mtoto. "Alikuja kuomba kinu, na wewe ungempa."

"Alikuambia?"

"Aliweka finjani chini."

Tasbihi ilisimama. "Lini?"

"Jumatano."

Mzee Hwemil aliikunja tasbihi kiganjani. Alipoanza kusema hakupaza sauti, na Mutlak alitamani angepaza.

"Mungu alinichukulia macho mawili, nikasema alhamdulillahi, kaniachia moja. Na hilo moja ndilo lililonidanganya. Nimemwacha mtu mwenye shida siku nne juu ya zulia langu, nikicheka naye! Kinu ni mti, Mutlak. Umenivunjia nyumba kwa ajili ya mti." Akaigeuza finjani yake, akaiweka kifudifudi. "Sinywi kahawa humu mpaka nijue haja yake. Mfuate."

Mutlak aliliendesha gari lake la mizigo kama mwizi. Alimkuta Sattam kwenye njia panda, kando ya tangi la maji, amekaa juu ya ngazi ya gari lake na simu sikioni. Alipomwona akaikata.

"Umekuja kuona kama nimefika mbali?"

"Nimekuja..." Mutlak alisita.

Sattam alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni. Kisha, kwa kuwa mtu amefika kwenye gari lake, na gari la mtu akiwa njiani ndiyo nyumba yake, alinyoosha mkono ndani, akatoa chupa ya kahawa, akamimina kidogo, theluthi, akampa. Hata pale. Hata kwa mtu yule.

Mutlak aliipokea. Akaiweka juu ya boneti, mbele yake, akarudi nyuma hatua moja.

Sattam alicheka kicheko kikavu. "Haya basi! Leo wewe ndiye mwenye haja. Unajua ningeweza kuimwaga? Nimefundishwa Jumatano."

"Najua."

Upepo ulipita. Kahawa ikaanza kupoa. Sattam aliitazama finjani ile muda mrefu, akashusha pumzi.

"Kunywa. Imepita."

Mutlak akanywa. "Haja yangu ni moja. Niambie yako."

Ndipo Sattam alipoeleza. Mdogo wake huendesha lori la maji. Mwezi uliopita lilimgonga mchungaji kwenye kona, akafa. Jamaa wa marehemu walitoa muhula wa amani, na muhula ule unakwisha Jumanne. Kabla haujaisha lazima ujumbe wa wazee uende, ukae mbele yao, uweke finjani chini, uombe msamaha. Usipokwenda, kila mwanamume wa ukoo wa Sattam atalazimika kuhama.

"Nilikuja kutaka watu wawili katika nyumba yenu," alisema. "Mzee aongoze ujumbe, kwa kuwa jamaa wale wanamheshimu."

"Na wa pili?"

"Wewe. Uwe mmiminaji."

"Mimi?"

"Kaka wa marehemu alilala kwenu mwaka juzi. Tangu siku hiyo akinywa kahawa popote husema si ya Mutlak. Nikajiambia, mtu mwenye msiba akipewa kahawa anayoitamani, huenda mkono wake ukawa mwepesi kuinua finjani." Alitikisa kichwa. "Unadhani nilitwanga kwa nini? Nilikuwa najaribu kuuiba mkono wako, nijue siri yake, endapo ungekataa kuja. Nikashindwa. Kila ukitoka kuchota maji, baba yako alikuwa akiniambia: 'Vizuri, vizuri, ila hujawa Mutlak.' "

Mutlak alishika ukingo wa boneti. Chuma kilikuwa cha moto, hakuutoa mkono.

"Mara ngapi?" aliuliza. "Alisema hivyo mara ngapi?"

"Nani anahesabu?"

"Basi Jumanne..."

"Jumanne namtaka mzee," Sattam alisema, akifunga chupa. "Wewe, ndugu yangu, nimeshaona unavyomimina."

Jumanne asubuhi walikwenda. Mzee aliagiza kinu kipakiwe, na Mutlak alikipakia mwenyewe, amekifunga kwa blanketi. Hema la jamaa wa marehemu lilikuwa jeusi na refu, watu wamekaa safu mbili wakitazamana, na kati yao nafasi iliyokuwa nzito kuliko watu. Mutlak alimshika baba yake mkono mpaka mlangoni. Hapo Sattam akampokea. Mutlak akarudi garini.

Alisikia kinu kikianza. Aliketi amefumba macho. Pigo la ubavuni lilichelewa kidogo, kila mara, na mikono yake magotini ililiwahi. Mtu mwingine alikuwa ameshika mchi wake, katika siku iliyokuwa yake, na safari hii hakuwa na mgeni wa kumchukia. Kisha mdundo ukakoma. Sauti ya baba yake ikasikika, ndogo, thabiti. Kisha kimya kirefu, kirefu sana, cha watu mia na finjani zilizo chini.

Kisha sauti nzito ya mtu mzima, imepasuka kwa kilio: "Kunyweni kahawa yenu."

Hema lote likaitikia kwa kumshukuru Mungu. Mutlak alilaza kipaji chake kwenye usukani.

Watu walikula. Jua lilisogea. Hakuna aliyemkumbuka, mpaka Sattam alipotoka mwenyewe, dele mkononi na finjani moja. Alifika dirishani, akamimina theluthi kamili, akampa.

Kahawa ilikuwa imeungua kidogo, na iliki ilikuwa imezidi. Mutlak aliinywa polepole hadi tone la mwisho. Sattam aliinua dele tena, akangoja.

Alitamani nyingine kuliko alivyowahi kutamani kitu. Hata hivyo aliitikisa finjani kuonyesha ametosheka, akairudisha.